Tusingoje Matanga

Jumatatu ya juma lililopita, jua limekwisha kuzama, mtu mmoja na mkewe waliingia ofisini mwetu hapa Mpanda, pamoja na mtoto wao wa kiume wa miaka sita. Walitoka upande wa Karema, kwenye mteremko uelekeao Ziwa Tanganyika. Walipanda pikipiki mpaka barabara kubwa, kisha lori la mpunga. Mtoto alikuwa amefunikwa kanga usoni. Mama alipoifunua tuliona taya lake la kushoto limevimba kupita ngumi ya mtu mzima, na jicho la upande ule limeanza kusukumwa juu. Hakulia. Alizitazama picha zilizo ukutani kwetu, moja baada ya moja, kama afanyavyo mtoto ye yote aliyeingia nyumba ngeni.

Baba hakuomba fedha. Alitoa mfukoni karatasi ya rufaa, imekunjwa mara nne, akasema: "Ndugu Katibu, nimeambiwa nimpeleke mtoto Muhimbili. Naomba mnieleze Muhimbili iko upande gani, na mtu akishafika Dar es Salaam anamwuliza nani."

Kwa sababu ya swali hilo twaandika haya leo, na wasomaji wetu watatusamehe tukiacha kwa juma moja habari za mikutano na chaguzi za matawi.

Kabla ya kufika kwetu watu hawa walikuwa wamekwisha kutumia karibu kila walicho nacho. Uvimbe ulipoanza, ukubwa wa karanga, walipewa dawa ya malaria, maana mtoto alikuwa na homa, na huku kwetu nani hana malaria? Homa ilishuka, uvimbe haukushuka. Wakaambiwa ni jino. Jino likang'olewa, nalo likatoka bila kazi yo yote, jambo ambalo lilifaa kumshangaza aliyeling'oa. Baada ya siku chache la pili likalegea lenyewe. Wakaenda kwa mganga, mtoto akachanjwa chale. Ndipo walipouza ng'ombe wawili na magunia manne ya mpunga, wakafika kwa daktari mmoja ambaye alitazama kinywani, akanyamaza kidogo, akaandika karatasi ile. Tangu karanga mpaka karatasi yalipita majuma sita.

Hatutaji mahali wala mtu, maana hatukukaa kumshitaki mtu. Lakini majuma sita yale tumeyahesabu, na twaomba kila msomaji ayahesabu pamoja nasi, kwa sababu tutakayoieleza sasa hivi.

Ugonjwa ambao daktari aliandika kwamba anaushuku ni namna moja ya saratani, au kansa kama wasemavyo wengi, nao una historia yake katika nchi zetu hizi. Mwaka 1957 daktari mpasuaji mmoja, Denis Burkitt, alionyeshwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akamwona mwingine, kisha wengine. Mwaka 1958 akatoa maandishi juu yao. Mwishoni mwa mwaka 1961, katika miezi ile ile ambayo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walikuwa ndani ya gari kuukuu wakizunguka hospitali za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakiuliza kila walipofika: mmepata kumwona mtoto wa namna hii? Wakatambua kwamba ugonjwa huu wapenda nchi za joto na mvua, yaani nchi za mbu wa malaria, na kwamba kwenye nyanda za juu zenye baridi ni nadra kuonekana. Mwaka 1964 wataalamu wa London, wakichungua vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Uganda, walikuta ndani yake kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Siku hizi yafahamika kwamba watu wengi sana duniani wanacho kirusi hicho na hakiwadhuru. Bali kwa mtoto ambaye malaria humrudia mara kwa mara, viwili hivyo huweza kuutayarishia ugonjwa njia.

Katavi ni nchi ya joto, ya mvua, na ya mbu. Hatuhitaji kueleza zaidi.

Katika habari zote za ugonjwa huu mambo mawili ndiyo makubwa. Ni miongoni mwa saratani zikuazo upesi kuliko zote: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili. Tena ni miongoni mwa zile zinazokubali dawa vizuri. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kampala waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dawa, bila kisu. Basi mtu na ayaweke mambo hayo mawili pamoja, kisha ayatazame tena yale majuma sita.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri, kati ya watoto 100 waliopatwa na saratani, zaidi ya 80 hupona. Katika nchi nyingi za hali ya chini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 wapone watoto 60 kati ya 100, dunia nzima. Dawa nyingi zinazowaponya wale 80 si dawa mpya. Nyingine zimekuwako tangu wazee wetu wakiwa vijana. Kilichopungua kwetu ni kumtambua mtoto mapema na kumfikisha penye dawa, akae huko mpaka amalize.

Sasa twafika kwenye jambo lililotushangaza hata sisi, tuliodhani twajua. Tulipokaa na baba yule kupiga hesabu, tulianza kwa kuuliza bei ya dawa. Tukapiga simu kwa vijana wetu walioko Dar es Salaam. Jibu lilikuja kwamba katika wodi za watoto wenye saratani pale Muhimbili matibabu hutolewa bila malipo, kwa msaada wa shirika liitwalo Tumaini la Maisha, ambalo tangu 2011 limekuwa likifanya kazi pamoja na hospitali hiyo. Tena ipo nyumba ya kulala mama na mtoto wanaotoka mbali. Basi mlima tuliokuwa tukiutetemekea, bei ya dawa, haukuwako. Uliokuwako ni mlima mwingine, ambao hakuna aliyeuweka katika karatasi.

Kutoka Mpanda mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya watu wawili, na kwa kuwa mama hajapata kuvuka Tabora, nauli ya mtu wa kumsindikiza. Chakula cha njiani. Vipimo vya mwanzo, ambavyo hufanywa kabla ugonjwa haujapewa jina. Kisha miezi. Matibabu haya hayamalizwi kwa siku tatu; mtoto hupewa dawa, hupumzishwa, hupewa tena. Muda wote huo mama yuko ugenini, baba yuko peke yake na watoto waliobaki, na mpunga wangoja palizi. Ndiyo maana wazazi wengine hurudi nyumbani mtoto akiwa na dawa nusu, kwa kuwa uvimbe umenywea na nyumbani kuna njaa. Uvimbe ulionywea haujaondoka.

Na kuna kitendawili cha msamaha wa malipo. Tangu mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, lakini sera haikuwasahau wanyonge: mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila kulipa, na mgonjwa wa saratani naye yumo katika wanaosamehewa. Haya ni mambo mema, na aliyeyaandika alikuwa na moyo. Lakini mtoto huyu ana miaka sita, basi msamaha wa umri umempita kwa mwaka mmoja. Msamaha wa saratani hutaka ijulikane kwamba ni saratani. Haijulikani bila kipimo. Na kipimo kinalipiwa. Baba alizunguka duara hilo mara mbili, kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua na kwa ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza barua ile yafaa wapi, hata ng'ombe wa pili akauzwa. Hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alimwambia neno la kweli. Ila maneno yote ya kweli yakijumlishwa yalikuwa ng'ombe wawili na majuma kadhaa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tuliishangilia katika ukurasa huu. Kabla yake kilikuwako kile kadi cha watoto, Toto Afya, ambacho mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 kuandikisha mtoto mmoja mmoja kukasimamishwa, kukaja kurudi baadaye kwa utaratibu mwingine. Mkulima wa upande wa Karema hakujua kilipokuja wala kiliposimama. Bima ni kitu kizuri sana kwa mtu aliye karibu na dirisha la bima.

Tulipopeleka habari hii kwenye kikao cha tawi, mzee mmoja alisimama. Ni mtu tunayemheshimu. Alikuwa na kadi ya chama kabla sisi hatujazaliwa. Akasema: "Vijana, moyo wenu ni mzuri. Lakini leo mmoja, kesho watakuja kumi. Mtachagua yupi apone na yupi afe? Na fedha za michango zimekwisha kuliwa mara ngapi katika mji huu?" Wengine wakapiga makofi.

Hoja hii ni nzito, nasi hatutaki kuirukia. Michango imeliwa, ni kweli, na waliokula twawajua. Lakini twamwuliza mzee wetu, kwa adabu: mtoto huyu akifa, ambalo Mungu aliepushe, je, kutakuwa na kikao cha kujadili kama tuchange? Hata! Saa hiyo hiyo daftari litafunguliwa. Watu watatoa unga, maharage, kuni, sukari. Sanda itapatikana. Mbao za jeneza zitapatikana, na fundi hatadai ujira. Kama amefia mbali, gari la kumrudisha litapatikana, zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna atakayesema kwamba kesho watakuja kumi. Watakuja kumi, na wote watazikwa kwa heshima, maana hivyo ndivyo tulivyo, Mbende na Mpimbwe, Mfipa na Mkonongo, Msukuma aliyehamia jana na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo. Twajua kuchanga. Hakuna mtu wa kutufundisha kuchanga. Ila tumezoea kufungua daftari upande wa kaburi.

Gari la kuirudisha maiti kutoka Dar es Salaam ni ghali kuliko tiketi za basi za mama, mtoto na msindikizaji. Ye yote aliyepata kuchangia yote mawili ajua.

Na kuhusu wale kumi: saratani ya watoto si ugonjwa wa kila nyumba. Kata moja yaweza kukaa miaka bila kumwona mtoto wa namna hii. Misiba ndiyo haikosekani, na bado twaimudu.

Ipo njia nyingine ya kuomba msaada, ambayo siku hizi imeenea, nayo ni kumpiga mtoto picha uso umevimba, na kuizungusha picha hiyo katika simu za watu pamoja na namba ya kutumia fedha. Wapo waliopona kwa njia hiyo na hatuwezi kuwatukana wazazi wao; mtu anayezama hushika cho chote. Lakini hatuipendi. Mtoto akipona atakua, ataoa, na uso ule utakuwa ungali ukitembea duniani. Tena njia hiyo humpa aliye na ndugu mwenye simu nzuri, na kumwacha aliye nyuma ya kilima. Kwa hiyo hatuchapi picha yake wala jina lake, na wanaotaka kuhakikisha habari hii wafike ofisini.

Kwa Serikali tuna neno moja, nalo twalisema kama watoto wasemavyo na baba yao, bila kelele lakini bila kuogopa. Jambo hili si geni kwake. Upo mpango wa m-mama, uliotangazwa mwaka 2022 kuenea nchi nzima: mama mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, mtu hupiga namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa haliko karibu, dereva wa kijijini aliyeandikishwa humchukua, naye hulipwa kwa njia ya simu. Dereva huyo twamjua, ni yule yule mwenye gari la mpunga. Kama nauli ya mama anayejifungua yaweza kulipwa na umma, na yalipwa, basi nauli ya mtoto mwenye karatasi ya rufaa ya saratani nayo yaweza. Watoto hawa ni wachache. Na vipimo vya kulitafuta jina la ugonjwa viingizwe katika msamaha, maana msamaha usioanzia hapo hauna mlango.

Wapo watakaosema Katavi ni mbali. Mkoa wetu huu ni mchanga, umetengwa na Rukwa mwaka 2012, na umbali ndio wimbo tunaoimbiwa daima. Lakini reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda, kilomita 210 za pori na mbung'o, wakoloni waliifikisha hapa mwaka 1950. Hawakuileta kwa ajili ya babu zetu. Waliileta kwa sababu kulikuwa na madini ya risasi chini ya ardhi hii, na risasi ilitakiwa Ulaya. Mgodi wenyewe uliishi miaka kumi tu kisha ukafungwa. Mzungu hakuona kwamba Mpanda ni mbali, kwa kuwa alikuwa na kitu alichokithamini huku.

Kwa walimu wenzetu, maana sisi nasi tumetoka chuo cha ualimu na chaki bado ingali vidoleni, twasema hivi. Mwalimu wa darasa la kwanza humwona mtoto kila siku, pengine kwa makini kuliko daktari. Mtoto akivimba taya na meno yakalegea bila kuoza, usimwambie asukutue chumvi. Mboni ya jicho iking'aa nyeupe kama ya paka gizani. Tumbo likiwa gumu upande mmoja, ambalo mama hulikuta akimwogesha. Tezi za shingo zisizonywea. Homa zisizokwisha pamoja na kupauka na kutoka damu puani, msimwache mtoto huyo apite. Mwambie mzazi aende hospitali kabla ya mahali pengine po pote. Si kila uvimbe ni saratani. Wengi wao watarudi wakicheka, na safari yao haitakuwa imepotea.

Sasa habari za mtoto wetu. Kikao kile, baada ya maneno mengi, kilikubali kufungua daftari, kwa sharti la mzee yule yule kwamba lisomwe hadharani kila Jumapili, aliyetoa na alichotoa, na kilichotumika na aliyekitumia. Sharti hilo ni jema na tumelipokea. Mzee alikuwa wa tatu kuandika jina. Siku ya Jumatano mama, mtoto na binti mmoja wa umoja wa vijana walipanda basi la alfajiri. Alhamisi walipokewa katika stendi ya Mbezi na kijana wetu asomaye huko, akawafikisha Muhimbili. Mtoto amelazwa na vipimo vimechukuliwa. Jibu bado.

Baba amerudi kijijini, kwa kuwa watoto wawili wadogo wako na bibi yao, na mpunga umeanza kumezwa na majani. Shamba ni ekari mbili na nusu. Vijana wa tawi watakwenda kulipalilia Jumamosi hii. Lori litaondoka mbele ya ofisi saa kumi na moja alfajiri. Jembe kila mtu aje na lake.